Daftari la Wiki: Heshima ya Mguu

Kuna mchambuzi redioni aliyesema wiki hii kwamba fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 2023 haikuwa na ladha, eti mabingwa hawakufunga trai. Chai yangu ilipoa nikimjibu peke yangu.

Afrika Kusini imecheza fainali nne, imeshinda zote nne, na katika tatu haikupata trai hata moja. Ellis Park 1995, pointi zote 27 zilitoka miguuni mwa watu wawili: Andrew Mehrtens 12, Joel Stransky 15. 2007 dhidi ya Uingereza, 15-6, mateke matupu. Na hiyo ya 2023 Handré Pollard alipiga penalti nne, basi, 12. Aliyefunga trai ni Beauden Barrett wa New Zealand. Richie Mo'unga akakosa konvasheni yake, Jordie Barrett akakosa penalti ya mbali, timu ikafa na 11. Mwenye trai kalala njaa.

Sababu ni woga. Kukimbia na mpira fainali ni kujihatarisha: ukiung'ang'ania chini, mwenzako anapewa nafasi ya pointi tatu. Kwa hiyo makocha hufunga milango yote, na anayebaki na kazi ni mtu mmoja mwenye mguu mtulivu. Mara nyingine hata hakutarajiwa. Pollard aliitwa mashindano yakiendelea, baada ya Malcolm Marx kuumia. Mwaka 2011 Stephen Donald alikuwa akivua samaki New Zealand ilipomtafuta, wapigaji wake wakiwa wameisha kwa majeraha; penalti yake ndiyo iliyoizamisha Ufaransa, 8-7. Jonny Wilkinson, 2003, aliumaliza muda wa nyongeza kwa mguu wa kulia, naye ni wa kushoto.

Mnataka fainali ya pointi nyingi? 1999, Australia 35, Ufaransa 12. Nani anaisimulia?

*

Ufaransa: fainali 1987, 1999, 2011. Zote kilio. Uingereza nayo imepoteza tatu, ila ina ile ya 2003 ya kujipangusia machozi.

*

Kila anayeitaja 1995 huishia kwenye jezi namba 6 ya Mandela. Haya. Mimi namkumbuka Chester Williams, mchezaji pekee asiye mzungu kikosini siku ile. Alifariki Septemba 2019, akiwa na miaka 49. Novemba hiyohiyo, Yokohama, Makazole Mapimpi akaifungia Afrika Kusini trai yake ya kwanza kabisa katika fainali, na Siya Kolisi, nahodha wake wa kwanza mweusi, akanyanyua kombe. Williams hakuliona.

*

New Zealand imepoteza fainali mbili, zote kwa Afrika Kusini. Haka ilichezwa zote mbili.

*

Wapenda trai, wanawake wanawangoja. Eden Park 2022: New Zealand 34, Uingereza 31. Twickenham 2025: Uingereza 33, Kanada 13, mbele ya watu 81,885. Mchambuzi wetu alikuwa wapi?

*

Kampala, Julai 2025, Zimbabwe iliilaza Namibia 30-28 ikakata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 kule Australia; haijacheza mashindano hayo tangu 1991. Kenya, na raga yetu ya saba kila upande inayotuvimbisha kichwa, haijawahi kuyafikia hata mara moja. Tutafutiane mpigaji mateke.