Pori Lisilo na Watu: Uhalisia wa Mandhari katika Mchezo wa Kuwinda

Kuna kauli inayozidi kuzoeleka hata miongoni mwa wanafunzi wa fasihi, kwamba michezo ya kompyuta imeufikisha uhalisia mahali ambapo riwaya haikuweza kufika. Kauli hiyo yafaa ipimwe kwa mfano mmoja: theHunter: Call of the Wild, mchezo uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Kiswidi ya Expansive Worlds, na hasa ramani yake ya Kiafrika, Vurhonga Savanna, iliyoongezwa mwaka 2018.

Haki itendeke kwanza. Katika mchezo huo, mwindaji asiyejali upepo hunuswa na windo likamkimbia. Nyayo husomwa, milio hutambuliwa, na wanyama wana saa zao za kula, kunywa na kupumzika. Anayedai kwamba watunzi wake walifanya kazi kijuujuu hajaucheza. Kosa ni la mhakiki anayeona wingi wa maelezo akadhani ameuona uhalisia.

Hata katika kiwango cha maelezo yenyewe, ramani hiyo ina ufa. Ndani yake tandala mdogo anaishi pamoja na choroa wa kusini na swala aitwaye springiboki. Tandala mdogo ni mnyama wa Afrika ya Mashariki na Pembe ya Afrika, na nchini Kenya hupatikana Tsavo. Wale wawili wengine ni wa kusini mwa bara, na katika hali ya asili hawakutani naye kamwe. Kila mnyama amechorwa kwa uaminifu, lakini mahali wanapokutania hapapo duniani. Je, ramani ya Ulaya ingekusanya viumbe wa pande mbili za mbali hivyo na bado ikasifiwa kuwa halisi?

Ufa mkubwa zaidi unahusu watu. Sauti husikika zikimpa mwindaji kazi, lakini hakutani na mfugaji, mkulima wala mtoto atokaye kisimani. Mwaka 1975 Chinua Achebe alimshutumu Joseph Conrad kwa kuifanya Afrika jukwaa tupu ambalo Mzungu hulipitia huku Mwafrika akinyimwa utu wake. Ramani hii imekwenda hatua moja mbele: imemwondoa Mwafrika kabisa na kumbakizia mgeni nyasi na bunduki. Jambo hilo haliwezi kutetewa kwa ubora wa nyasi.

Kwa msomaji wa Kisii na Nyamira suala hili si la mbali. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira, kaunti mbili ndogo zilizojaa chai, ndizi na mikalitusi hadi kwenye miteremko ya Manga. Pori la Gusii leo limo zaidi katika lugha: engo, yaani chui, na enchogu, yaani tembo, ni majina yanayotamkwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kuwaona wanyama hao wakiwa huru. Kijana wa hapa anayelifahamu pori kupitia kioo anajaza pengo halisi. Anachokipata ni pori ambamo mababu zake hawakuwahi kuwako.

Itasemwa kwamba huu ni mchezo tu. Hoja hiyo haina mashiko. Ngano za sungura na fisi nazo ni burudani, na wanyama wake husema na kudanganyana, jambo lisilotokea porini. Hata hivyo, ngano husema kweli kuhusu uhusiano wa mwenye nguvu na mnyonge, na kweli hiyo ndiyo iliyozidumisha. Itasemwa pia kwamba mchongaji wa Tabaka huchonga tembo na kiboko kwa mawe ya sabuni ili kuwauzia wageni, naye hana tembo jirani. Ni kweli, lakini kinyago chake hakidai kuwa mahali. Ramani hudai: humwalika mtu aingie, atembee, aamini kwamba hivi ndivyo kulivyo.

Na imani hiyo ina historia. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909, mwaka mmoja tu baada ya uasi wa Abagusii kuzimwa kwa bunduki, mgeni mwenye leseni aliitwa mwindaji, ilhali mwenyeji aliyewinda bila leseni alifanywa jangili. Tendo lilikuwa moja, majina mawili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini taswira ya pori lisilo na mwenyewe haikufutwa na sheria hiyo. Imehamia kwenye kioo, na imerudi ikiwa na sifa ya uhalisia.

Idara za fasihi zinazoyadharau matini haya kwa kuwa si vitabu zinawaacha wanafunzi wao mikononi mwa wauzaji. Maswali yanayoulizwa kuhusu riwaya yaulizwe kuhusu ramani pia: nani anasimulia, nani amenyamazishwa, na nani ameondolewa ili mandhari yapendeze. Mhakiki anayeishia kuusifu mwanga wa jua juu ya nyasi hajaianza kazi yake.