"Tumezoea" si kinga

Huku Kashebere, mashariki mwa Kongo, utalisikia neno hili kwa mzee na kwa mtoto: tumezoea. Tumezoea mvua, tumezoea kukimbia usiku, tumezoea bugali bila mboga. Mwili wa mtu wa huku, wanasema, umekomazwa na taabu. Magonjwa ni ya watu laini wa Goma. Ni uongo, tena uongo unaoua.

Ni watu wachache wanaochujwa kwa afya kama wanaanga. Hata hivyo, kati ya wanaanga 89 waliosafiri kwa vyombo vya shuttle vya Marekani na kupimwa, 47 walikutwa na virusi vya jamii ya hepesi kwenye mate au mkojo. Katika kituo cha kimataifa cha anga, 14 kati ya 23. Virusi hivyo havikutoka huko juu. Walipanda navyo vikiwa vimelala mwilini, pamoja na kile cha tetekuwanga. Usingizi ukavurugika, homoni za msongo zikapanda, askari wa mwili wakalegea, virusi vikaamka.

Basi mtazame mzee niliyekaa naye kando ya barabara ya Masisi kwenda Walikale, aliyehama mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Aliinua shati. Malengelenge yalikuwa yamejipanga ubavuni, toka mgongoni hadi karibu na kitovu, upande mmoja tu. Mkanda wa jeshi. Majirani walinong'ona: ukimwi, wengine uchawi. Ukimwi huweza kuuleta, ndiyo, na uzee pia. Lakini nani alihesabu usiku aliokesha akisikiliza risasi? Tetekuwanga ya utotoni ilikuwa imejificha kwenye mishipa ya fahamu, ikingoja mlinzi asinzie.

Na mwanaanga, tusisahau, hula akashiba na anajua atarudi nyumbani.

Kuna wanaosema mtoto akiugua surua anakomaa. Surua humkinga na surua. Sehemu ya kinga nyingine alizokwisha kujenga huifuta, na mwenye utapiamlo huweza asifike hata hapo.

Mwanaanga Scott Kelly, aliyekaa angani siku 340, alijidunga chanjo ya mafua akiwa huko huko, na mwili wake ukaitikia vizuri. Mwili uliochoka bado hufundishika. Chanjo isipofika Kashebere, kilichoizuia ni tope na bunduki, wala si ngozi yetu ngumu. Ila "wamezoea" huwafaa sana wapangaji wa misaada: ukiwa na neno hilo, turubai moja hutosha familia mbili.