Bustani ya uani: hesabu ya maji ndiyo inayoamua faida

ANAYEPITA Kibada, Mwanagati au Mivumoni, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, hukutana na nyumba zinazofanana kwa jambo moja. Mbele kuna geti la chuma na vitofali vya pevingi vilivyotandazwa hadi mlangoni. Nyuma hakuna anayejali: mchanga mtupu, mabaki ya zege, mabati chakavu, ndoo zilizopasuka na magugu yaliyofika kiunoni.

Maeneo hayo yalipimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Katika kiwanja cha mita za mraba 400 tu, mwenye nyumba ya vyumba vitatu bado hubakiwa na eneo la kutosha nyuma. Mkoa wa Dar es Salaam nao uliongezeka kutoka watu 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 5,383,728 mwaka 2022, na wote hao wanataka mboga mezani. Haishangazi kwamba wastaafu, akina mama wa nyumbani na vijana wasio na ajira wanaziangalia upya sehemu hizo zilizotelekezwa.

Kulima mjini hakukuanza leo. Miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, wakazi wa mijini walihimizwa kulima kila palipofaa. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 nazo hazikupiga marufuku, bali ziliweka kikomo cha ekari tatu kwa mtu mmoja. Kwa hiyo si sheria inayowakwamisha wenye nyumba wengi. Wanakwamishwa na kuanza kazi kinyumenyume: hununua kwanza miche na mbegu za bei, halafu ndipo wanagundua kwamba udongo haufai na maji hayatoshi.

Udongo wa uani si udongo wa shambani. Fundi alipokuwa akijenga alichanganyia zege hapo hapo na kumwaga mabaki ya saruji na chokaa. Mabaki hayo huufanya udongo uwe na nyongo ya chokaa, na mmea ukiota humo majani hugeuka njano ingawa unamwagiliwa kila siku. Wengi hudhani ni ugonjwa na kukimbilia duka la dawa za kilimo. Dawa yake ni koleo: kukwangua tabaka hilo la juu, kuondoa vipande vya zege na kuvitupa mbali.

Hapo huja kishawishi cha kuagiza lori la udongo. Mara nyingi ni fedha iliyotupwa, kwa sababu anayeuza hasemi alikouchimba, na udongo huo huja na ndago, gugu ambalo likishaingia uani halitoki kwa jembe. Ni nafuu kutumia mchanga uliopo na kuulisha samadi. Mfugaji wa kuku wa nyama katika mtaa huo huo ana mbolea inayomkera na ambayo angependa iondoke. Ila ya kuku ni kali. Ikitiwa mbichi huunguza mizizi. Ichanganywe na maranda au majani makavu, ilowanishwe, igeuzwe kila wiki, na ikae miezi miwili hivi hadi ipoteze harufu na joto.

Baada ya udongo ndipo linakuja suala la maji, na hapa ndipo hesabu za wengi zinapoanguka.

Tuta la mboga za majani katika joto la pwani huhitaji lita tano hivi kwa mita moja ya mraba kwa siku. Mwenye matuta ya mita za mraba 20 anahitaji lita 100, yaani madumu matano ya lita 20 kila siku. Kwa mwezi ni lita 3,000, sawa na uniti tatu za bomba. Kwa mwenye bomba linalotoka, gharama hiyo inabebeka. Kwa anayenunua maji ya boza au ya mkokoteni, mchicha wake utakuwa ghali kuliko wa sokoni, na ni bora aache kabla hajaanza. Bomba lenyewe si la kuaminiwa sana: mwishoni mwa mwaka 2022 kina cha Mto Ruvu kilishuka na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji. Aliyekuwa na bustani bila akiba aliiona ikikauka.

Paa linaweza kusaidia, ingawa si kwa kiasi kinachosimuliwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120, tukitoa sehemu ya tano inayopotea, huvuna lita 96 kwa kila milimita. Tanki la lita 5,000 litajaa kwa mvua ya milimita 52 tu, kiasi ambacho masika inaweza kukitoa kwa siku chache. Tatizo ni kwamba tanki hilo, kwa lita 100 kwa siku, litakwisha baada ya siku 50. Kutoka mwisho wa masika mwezi Mei hadi vuli mwezi Oktoba ni zaidi ya siku 120. Mwenye busara hupunguza matuta hadi nusu wakati wa kiangazi na hutandaza majani makavu juu ya udongo kuzuia jua. Aliye na kisima cha maji yenye chumvi asahau maharage, kwani huathirika mapema. Mchicha na spinachi huvumilia zaidi.

Je, kuna faida? Tuta lililotunzwa vizuri huweza kutoa kilo mbili za mchicha kwa mita moja ya mraba, wiki tatu hadi nne baada ya kusia. Mita 20 ni kilo 40. Familia inayokula nusu kilo kwa siku itatumia kilo 15 kwa mwezi, zinabaki 25. Kilo hizo hazitoshi kumlipa anayezipeleka sokoni kwa nauli ya daladala, lakini zinatosha kuuzwa getini kwa majirani na kwa mama lishe wa mtaani. Sharti ni kugawa eneo katika matuta manne na kusia moja kila wiki. Anayesia yote siku moja atakuwa na mboga nyingi wiki moja na wiki tatu bila kitu.

Anacho pia kitu ambacho muuzaji wa sokoni hawezi kukitaja kwa urahisi. Utafiti wa wanasayansi wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi na kukuta madini mazito. Tangu hapo mteja mwenye uelewa huuliza mchicha umemwagiliwa maji gani. Mkulima wa uani anaweza kumwonyesha bomba, ilimradi matuta yake yasiwe karibu na shimo la choo linalovuja.

Fedha kubwa zaidi, hata hivyo, hazipo kwenye mchicha. Zipo kwa wanaowauzia wenye bustani: samadi iliyoiva na kufungwa kwenye viroba, miche ya mapapai, malimau na maembe ya kubebesha. Mpapai huanza kuzaa kabla ya mwaka kuisha, na hakuna mti wa uani unaorudisha gharama haraka hivyo. Viriba vya miche havikuguswa na katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019, kwa kuwa vifungashio vya kilimo viliachwa. Kinachowatishia wenye vitalu ni mahali walipo. Wengi wamekaa kwenye hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ilipanuliwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hadi mita 30 kila upande. Greda likija, wa viriba hupakia mkokoteni na kuondoka. Aliyepanda ardhini huacha mali yake. Kwa wafanyabiashara hao, kukodi uani wa nyumba iliyo karibu na barabara ni njia inayostahili kupigiwa hesabu, na ni kodi ambayo mwenye nyumba hakuwa akiipata.

Nyasi za urembo zina wateja pia, ingawa hunywa maji sawa na mchicha na haziingii chunguni.

Mpangaji yuko kwenye hali tofauti. Asipande mwembe kwenye nyumba ya mtu, maana hatakuwapo siku unapozaa. Viroba vilivyojazwa udongo na samadi, vyenye matembele na bamia, huhama naye. Visahani na mapipa ya maji yafunikwe au yamwagwe kila wiki, kwani dengi iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019 huenezwa na mbu anayezaliana kwenye maji masafi yaliyotuama majumbani. Na makubaliano na baba mwenye nyumba kuhusu bili ya maji yawekwe kwa maandishi kabla ya tuta la kwanza.