Mgeni wa Kila Mwezi Akigeuka Mchaga wa Desemba

Mada ya leo inatoka saluni, na saluni za Pasua hazinaga siri. Ukiingia kusuka saa nne asubuhi, ukitoka saa tisa unajua nani kaachwa, nani kachumbiwa, na nani hajaenda siku zake tangu Pasaka. Huyo wa mwisho ndo anawanyima watu usingizi. "Kwani hiyo damu inakaa wapi?" Mwingine anajibu kama profesa: inapanda kichwani, ndo maana siku hizi kawa mkali.

Jamani! Damu haikai popote.

Iko hivi. Kila mwezi mfuko wa uzazi unatandika godoro kumsubiri mtoto. Mtoto asipotungwa, godoro linatupwa nje, ndo hedhi yenyewe. Vidonge vya uzazi wa mpango vinafanya godoro libaki jembamba kama mkeka. Sasa kama hakuna godoro, kitatolewa nini?

Chukua ile paketi ya kawaida yenye vidonge 28. Vidonge 21 vina homoni, vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Wiki ya vile 7 ndo mtu anableed, na hata hiyo sio hedhi halisi, ni mwili umekatiwa homoni. Marekani waliliona hilo zamani. Mwaka 2003 wakaidhinisha Seasonale, mtu anaenda siku zake mara nne kwa mwaka. Mwaka 2007 ikaja Lybrel, ya kumeza mwaka mzima bila kupumzika.

Mara nne tu watu wanashtuka! Mchaga wa Dar anarudi Kibosho mara moja, Desemba, kuhesabiwa, na hakuna anayeuliza miezi mingine 11 anakaa wapi.

Wanaume wa kijiweni nao wana lao: "Huyo hazai tena." Uongo. Akiacha vidonge anaweza kushika mimba hata mwezi unaofuata. Sindano ya miezi mitatu ndo inaweza kuchelewesha kidogo, na yenyewe haifungi kizazi.

Halafu kuna hela. Mwaka 2018 serikali ilifuta VAT kwenye taulo za kike. Bei madukani haikushuka kama ilivyotarajiwa, mwaka 2019 kodi ikarudishwa. Mtu anayejipunguzia hiyo bili anasemwa kwa lipi?

Ila hapa tuache utani kidogo. Kuna dada anataka sendofu yake ipite kavu, anamtuma bodaboda duka la dawa akalete "vidonge vyovyote". Mwingine anabugia P2 kama karanga. P2 ni ya dharura, haizuii siku, inavuruga tarehe tu. Na vile vya kila siku sio vya kila mtu. Mwenye presha ya kupanda, aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, mvutaji sigara aliyevuka miaka 35, na aliyejifungua juzi anayenyonyesha, hao wanahitaji njia nyingine. Kupima presha ni dakika tano tu. Na ukiruka vidonge halafu siku zisije, usijipe moyo kwamba ni dawa imefanya kazi. Pima mimba.

Kwa hiyo aliyepimwa, akapewa dawa na mhudumu wa afya, mwacheni asuke nywele zake kwa amani. Wa kuitiwa kikao ni yule anayemeza vya kuagizia bodaboda.

Na wewe kaka unayeuliza damu inakaa wapi, mwezi huu nunua wewe pedi za hapo nyumbani. Ukishaijua bei, rudi uulize tena.