Pima damu kabla ya kununua usingizi
Na Rehema Mbwana

Mwambie muuza duka la dawa kwamba hulali usiku, atakuuliza, "Una mawazo, dada?" Hapo mahojiano yamekwisha. Unafungiwa vidonge vya Piriton kwenye karatasi, unalipa, unaondoka. Damu yako ni ngapi, hakuna aliyeuliza.

Upungufu wa damu tumeuzoea kuwa ugonjwa wa mchana: kizunguzungu, viganja vyeupe, moyo kwenda mbio kwa kupanda ngazi tu. Usiku wake hatuuzungumzii. Madini ya chuma yakipungua mwilini, wapo watu, na wajawazito ni wengi miongoni mwao, ambao miguu inakataa kutulia. Mtu akijilaza tu, anahisi kama sisimizi wanatembea ndani ya mashavu ya miguu. Akiinuka akazunguka chumbani, wanatulia. Akirudi kitandani, wameanza tena. Saa nane za usiku yuko peku sakafuni, mume anadhani ana wasiwasi, na mama mkwe, tusifichane, anawaza mashetani.

Daktari Karl-Axel Ekbom wa Sweden aliyaeleza maradhi haya kwa kina mwaka 1945. Ubongo unahitaji chuma ili kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mijongeo ya mwili. Na ile Piriton ya dukani? Dawa za mzio za aina hiyo zinaweza kuizidishia miguu fujo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Si wote wanaokesha kwa sababu hiyo, lakini ni wengi mno kwa swali hili kuachwa.

Tena, damu ikisoma 12 tunapongezana, kumbe akiba ya chuma inaweza kuwa imekauka. Hiyo hupimwa kwa feritini, na kipimo hicho si cha kila zahanati.

Wakunga wetu, mnapompa mama vidonge vya kuongeza damu, mwambieni asivishushie chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Kisha muulizeni analalaje. Nawe msomaji ambaye miguu haikupi usingizi, nenda kapime kwanza. Duka la dawa halihami.