Bariadi Haina Ndege, Lakini Inazilipia

Mkazi wa Bariadi anayetaka kwenda Dar es Salaam kwa ndege huanza kwa basi: hupita Lamadi, hupita Magu, ndipo aufikie uwanja wa Mwanza. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, hauna safari za ndege za ratiba. Hata hivyo mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu, kwa kodi iliyomo katika sabuni na vocha ya simu, ni mmoja wa walionunua ndege zinazorushwa na Air Tanzania (ATCL).

Tangu Septemba 2016, zilipowasili Q400 mbili za kwanza, Serikali imekuwa ikinunua ndege kwa fedha za umma, kuzimilikisha kwa Wakala wa Ndege za Serikali, kisha kuzikodisha kwa ATCL. Mpangilio huo ulikuwa na mantiki yake: shirika lenye madeni ya zamani lisingepokonywa ndege ambazo si mali yake. Lakini tuliruka majivu tukakanyaga moto. Mwaka 2017 Q400 nyingine ilizuiwa Kanada kwa deni ambalo kampuni ya ujenzi ya Stirling iliidai Serikali. Agosti 2019 Airbus A220 ikazuiwa Johannesburg kwa madai ya Hermanus Steyn, ambaye mali zake zilitaifishwa nchini katika miaka ya 1980. Wadai wa shirika walikwepwa; wadai wa Serikali wakajitokeza.

Wakati huohuo, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ameripoti hasara ya ATCL ya takribani shilingi bilioni 35 mwaka 2021/22, bilioni 56 mwaka 2022/23 na bilioni 91 mwaka 2023/24. Injini mbovu za A220 zina sehemu yake katika lawama hizo, na ni haki kulisema hilo.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuanza na ndege kabla ya safari. Nchini Marekani, shirika la SkyWest hurusha sehemu kubwa ya ndege zake kwa niaba ya United, Delta na wengine. Mkataba hutaja malipo kwa safari na nani ataumia viti vikibaki vitupu. Mkataba huo ndio humpa mkopeshaji imani. Kwa miji midogo, serikali yao tangu 1978 hulipa ruzuku kwa shirika linaloteuliwa kwa zabuni kurusha safari kadhaa kwa wiki, na kiasi hutangazwa hadharani.

Nasi tungeweza kufanya vivyo hivyo: kila njia inayoendeshwa kwa hasara itajwe, gharama yake iandikwe, na ATCL, Precision Air na wengine waishindanie. Nitaambiwa kwamba ndege huleta watalii na heshima ya taifa. Huenda. Basi bei ya watalii hao iwekwe mezani, njia kwa njia.

Hapo diwani wa Bariadi angejua gharama ya kuleta ndege mara tatu kwa wiki, na angeweza kuilinganisha na gharama ya magari ya wagonjwa ya kuwafikisha wajawazito Bugando. Nashuku sana kwamba wapiga kura wake wangeichagua ndege.