Tumezika Udongo wa Kinangop Dandora

Hebu tufuate chipsi za hamsini. Viazi vilitoka Kinangop. Vilipanda lori usiku, vikashuka Marikiti kabla jua litoke, na kufikia saa sita mchana vilikuwa vinachemka kwa mafuta kwenye kibanda chenye huwa unapitia ukitoka chuo. Maganda yalienda kwa ndoo, ndoo ikamwagwa kwa gunia, gunia likapanda mkokoteni, mkokoteni ukakutana na lori, lori likaenda Dandora. Chipsi zenyewe ulikula. Kesho yake asubuhi nazo zikaenda mahali, na hiyo sitakuchorea.

Sasa niambieni, wasee: ni nini kilirudi Kinangop?

Doh, mtasema. Sawa, mkulima alilipwa, ingawa tukianza story ya mabroka tutalala hapa. Lakini shamba halili doh. Kiazi kilijengwa na naitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizotoka kwa ule udongo, na kila gunia likiondoka linaondoka nazo. Chukua mahindi, kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Gunia moja la kilo 90 linabeba zaidi ya kilo moja ya naitrojeni. Magunia 10 yakitoka Kitale kuja mjini, yameondoka na naitrojeni inayokaribia ile iko ndani ya mfuko mzima wa CAN wa kilo 50. Sisi huku tunaona unga. Mkulima anaona mfuko mwingine wa mbolea ambao lazima anunue, la sivyo mwaka ujao atavuna mahindi ya ukubwa wa kidole.

Unakumbuka ule mchoro wa mzunguko wa naitrojeni kwa kitabu cha biolojia? Ng'ombe hapa, nyasi pale, radi juu, mishale kila mahali, bakteria kwenye mizizi ya maharagwe wananasa naitrojeni ya hewani na kuipatia mmea. (Ndio maana shosho hupanda mahindi na maharagwe shamba moja. Si githeri tu anawaza.) Mnyama anakula, ananya, anakufa, anaoza, na kila kitu kinarudi mchangani. Hakuna kinachopotea, kinabadilisha tu mahali na umbo. Hiyo ni kweli kabisa, na sina ugomvi na mwalimu. Shida yangu ni kwamba ule mchoro hauna Nairobi ndani. Hauna watu milioni 4.4, hiyo ni sensa ya 2019, wanaokula kila siku bila kurudisha hata ganda. Ukiuweka mji kwa ule mchoro, duara linakatika na kuwa mstari: shamba, soko, tumbo, jalala.

Ushago hii mambo haiko. Pale hakuna kitu kinaitwa "taka" vile sisi tunamaanisha. Maganda ya viazi yanaenda kwa ng'ombe, majani ya mahindi yanaenda kwa ng'ombe, na kile ng'ombe anatoa kinaenda shambani. Jivu linaenda kwa mboga. Makombo ni ya kuku na mbwa, na mbwa hana maoni. Hakuna mtu pale anajiita mwanaharakati wa mazingira. Wanajua tu kwamba ukitupa, utanunua.

Sisi tunatupa, halafu wao wananunua. Hapo ndipo naona hii kitu si ya sayansi tu, ni ya haki. Karibu mbolea yote ya viwandani tunayotumia Kenya inatoka nje. Naitrojeni yake inatolewa hewani kwa viwanda vinavyotumia gesi asilia kwa wingi, na fosforasi inachimbwa kwa mawe, mengi yakiwa Morocco, nchi iliyo na sehemu kubwa ya akiba ya dunia. Kwa hivyo Urusi ilipovamia Ukraine mwaka 2022 na bei ya gesi ikaruka, mkulima wa Trans Nzoia akajikuta anaulizwa zaidi ya shilingi 6,000 kwa mfuko wa DAP. Serikali ikaleta ya ruzuku, kwanza 3,500, halafu 2,500. Kisha 2024 ikaja ile kashfa ya mbolea feki. Na wakati huo wote, kila siku, malori ya Nairobi yalikuwa yanapeleka chakula cha mashamba Dandora na kukimwaga juu ya plastiki.

Makadirio yanayotajwa sana yanasema Nairobi inatoa tani 2,400 za taka kwa siku, na zaidi ya nusu ni vitu vya kuoza: maganda, majani ya sukuma, matunda ya soko, makombo ya hoteli. Piga hesabu. Hata tukisema ni nusu tu, ni malori 120 ya tani kumi kumi, kila siku. Si kwa mwezi. Kila siku.

Na jalala lenyewe ni gani? Dandora ilifunguliwa miaka ya 1970, ikatangazwa imejaa 2001, na mpaka leo malori yanaingia. Lile lundo ni refu kuliko ploti nyingi za hapo karibu. Ganda likiachwa wazi shambani, linaoza likiwa na hewa, wadudu na bakteria wanalila, kaboni kiasi inarudi hewani na nyingine inabaki kama mboji. Ganda hilohilo ukilizika chini ya mita kadhaa za taka bila hewa, bakteria wa aina nyingine wanachukua zamu na kutoa methani. Hiyo gesi, kwa miaka 20 ya kwanza, inashika joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Pia inashika moto, ndiyo sababu moja ya ule moshi ambao watu wa Dandora na Korogocho wanavuta. Maji meusi yanayochuja chini yanaelekea Mto Nairobi, ambao uko palepale kando.

Tukifika mtoni, tumefika kwa ile sehemu ya chipsi sikutaka kuchora. Mtu mzima hajengi mwili mpya kila siku, kwa hivyo karibu naitrojeni na fosforasi yote anayokula inatoka, nyingi ikiwa kwa mkojo. Kama choo chako kimeunganishwa na bomba, mambo yanaenda Ruai kusafishwa. Kama hakijaunganishwa, ama landilodi aliamua bomba lake liishie kwa mtaro, inaenda mtoni moja kwa moja. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, halafu Sabaki, halafu bahari hapo juu kidogo ya Malindi. Yaani rutuba ya Kinangop inasafiri mpaka pwani bila tikiti ya SGR.

Kwani rutuba majini ni mbaya? Waulize wavuvi wa Kisumu. Magugumaji ya Ziwa Victoria hayakuletwa na majitaka, huo ni mmea wa Amerika Kusini ulioonekana ziwani miaka ya mwisho ya 1980. Lakini kinachoufanya uenee mpaka boti zishindwe kutoka ufuoni ni kwamba ziwa limelishwa naitrojeni na fosforasi ya mashamba na miji inayolizunguka. Kitu kilekile mkulima anakililia, mvuvi anakilaani. Hakuna sumu hapo. Ni chakula kimepelekwa anwani mbaya.

Najua kuna msee anasema shida ni plastiki, maganda si yataoza tu. Huyu ndiye anayerusha ganda la ndizi kwa dirisha la matatu pale Thika Road akiwa na amani kabisa moyoni. Buda, litaoza, eeh. Juu ya lami. Halafu mvua ije ilisukume kwa mtaro.

Lakini hoja ya plastiki naiheshimu, kwa sababu inaonyesha tunaweza. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku, na watu waliosema haiwezekani wakaanza kubeba vikapu ndani ya wiki moja, kwa sababu faini ilikuwa inafika milioni 4. Kile hatukugusa ni kuchanganya. Chupa ikiwa pekee yake ni doh, kuna mtu atainunua kwa kilo. Ganda likiwa pekee yake ni mbolea ama chakula cha nguruwe. Viweke kwa mfuko mmoja na pedi, betri na supu ya jana, na hakuna anayetaka chochote tena. Taka tunaitengeneza sisi, kwa jikoni, kwa sekunde mbili, tukichagua kutumia ndoo moja.

Kabla mtu aniambie mboji ndiyo suluhisho la kila kitu: si hivyo. Mfuko wa mboji wa kilo 50 mara nyingi hauna hata kilo moja ya naitrojeni, wakati CAN ya uzito huo ina kama kilo 13. Kubeba mboji kutoka Nairobi hadi Kitale kwa lori ni kuchoma dizeli ukibeba maji. Na mbolea ya viwandani si adui, sehemu kubwa ya dunia inakula kwa sababu yake. Lakini mbolea ya viwandani haileti ile kaboni inayofanya udongo ushike maji na kulisha minyoo. Kuna mashamba ya Bonde la Ufa na magharibi ambayo yamepigwa DAP msimu baada ya msimu mpaka udongo umekuwa wa asidi, sasa wataalamu wanawaambia wakulima waongeze chokaa. Mashamba ya karibu, Kiambu, Machakos, Kajiado, Murang'a, hayo yanafikika kabisa. Mboga nyingi tunazokula zinatoka hukohuko.

Na si ndoto. Mukuru, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kampuni ya Sanergy ilianza kukusanya kinyesi kutoka vyoo vya mtaani na kukigeuza, pamoja na taka za jikoni na sokoni, kuwa mbolea. Sehemu ya kazi inafanywa na funza wa nzi anayeitwa black soldier fly. Huyu funza anakula uchafu kwa kama wiki mbili, ananenepa, anakuwa chakula cha kuku na samaki, na mavi yake ni mbolea. Pale Kasarani, taasisi ya ICIPE imefanya utafiti wa wadudu kama hawa kwa miaka. Teknolojia iko, na iko Nairobi. Kile hakiko ni ganda safi, ambalo halijachanganywa na wembe.

Sasa, wewe unayekaa bedsita gorofa ya tano. Sitakuambia upande miti, mmeshaambiwa hivyo vya kutosha, na nusu ya hiyo miti hukauka kabla picha zipoe. Tafuta ndoo yenye kifuniko, weka maganda pekee, nyunyizia maranda ama majani makavu juu ndiyo isinuke. Usiweke nyama. Ikijaa, tafuta mtu wa mbuzi, sungura ama nguruwe, wako wengi kuliko unavyodhani. Ama weka kwa gunia la mchanga na upande sukuma kandokando, vile watu wa Kibera wamefanya miaka mingi. Itakuokolea shilingi ishirini ishirini za mama mboga, pole kwake.

Lakini nisikudanganye, ndoo yako haitaokoa Kinangop. Ukitenganisha vizuri halafu lori lije limwage zote pamoja, umefanya usanii. Msimamizi wa ploti yetu aliniangalia kama nimechanganyikiwa nilipomuuliza kama tunaweza kuwa na mapipa mawili. "Na lori ni moja?" Hakuwa anakataa, alikuwa anasema ukweli.

Ndio maana nataka tusome Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Ni sheria, imetiwa sahihi. Inasema kila mtu na kila taasisi itenganishe taka za kuoza na zisizooza kuanzia pale zinapotoka, na kaunti ziweke vituo vya kuzichambua na kuzirejeleza. Tulisoma Mswada wa Fedha wa 2024 mstari kwa mstari, tukautafsiri kwa Sheng na lugha za nyumbani, mpaka wabunge wakashangaa tumejulia wapi. Hii hapa hata haihitaji kupingwa, inahitaji tu mtu aulize iko wapi.

Na mahali pa kuuliza papo. Kila mwaka kabla bajeti ya kaunti ipitishwe, kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Huwa viti vingi viko wazi, na wanaokuja ni wazee na watu wa MCA. Mwaka huu sitaki kwenda na hotuba ya tabianchi. Nitaenda na sheria imechapishwa, nisimame, niulize: kwa wodi yetu, lori la maganda pekee litapita siku gani ya wiki, na limewekewa pesa ngapi?